Maswali mnayoniuliza kuhusu mbu na malaria: majibu kutoka Muheza

Kazi yangu ni kuchunguza mbu wanaoeneza malaria katika vijiji vya Muheza, mkoani Tanga. Kila tunapoingia kijiji kipya na mitego yetu maswali huwa ni yale yale, na mengi ni makali kuliko ninayoulizwa na wataalamu wenzangu mikutanoni. Nimeyakusanya kama nilivyoulizwa: barazani, zahanati, kwenye gari la kwenda Tanga mjini, na mara mbili msibani. Sikuyapanga kwa ukubwa.

Wewe ni daktari wa watu au wa mbu?

Wa mbu. Ukinionyesha jipu nitakuelekeza zahanati. Lakini mtoto akiwa na homa nami nipo, nitasema lile lile ambalo daktari wa watu angesema: apimwe leo, asisubiri kesho.

Mbona watafiti mmejazana Muheza? Kwani kwingine hakuna mbu?

Wapo kila mahali, ila huku kuna mambo mawili. La kwanza ni mlima. Kutoka tambarare za Muheza na Korogwe hadi juu Usambara ni mwendo wa saa chache kwa gari, na katika mwendo huo malaria inageuka kabisa. Watafiti waliopima vijiji kuanzia bondeni hadi milimani walikuta kwamba mara ambazo mtu anaumwa na mbu mwenye vimelea, yaani vijidudu vya malaria, kwa mwaka hupungua zaidi ya mara elfu ukifika juu. Sababu kubwa ni baridi. Kimelea hukua ndani ya mbu kwa kadiri ya joto lililopo, na kule juu mbu hufa kabla mgeni wake hajakomaa.

La pili ni historia. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mimea na kilimo pale Amani mwaka 1902, na maganda ya mikwinini iliyokuzwa huko yalitengenezewa kwinini ya askari wao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1949 kikaanzishwa kitengo cha malaria cha Afrika Mashariki, ambacho baadaye kilipanda Amani. Leo kazi hiyo iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1979.

Kuna kisa kimoja ninachokipenda. Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alipopita huku mwishoni mwa miaka ya 1890 aliandika kwamba watu wa Usambara wakishuka tambarare huugua homa, na homa hiyo wanaiita "mbu". Ukiwauliza kwa nini, wanasema huko chini kuna wadudu wa jina hilo, ndio wanaowauma wakaugua. Ronald Ross alikiona kimelea tumboni mwa mbu kule India tarehe 20 Agosti 1897, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Wazee wetu wa mlimani jibu walikuwa nalo mdomoni, walichokosa ni hadubini. Nikikisimulia kisa hiki Lushoto napigiwa makofi.

Mbu wote wanaleta malaria?

Hapana. Dume hanyonyi damu kabisa, anaishi kwa maji matamu ya maua. Jike ndiye anayetaka damu ili mayai yake yapevuke, na kati ya majike ni wa jamii ya anofelesi tu wanaobeba malaria ya binadamu. Kwetu wakubwa ni Anopheles gambiae, nduguye Anopheles arabiensis, na Anopheles funestus. Pwani kabisa, kwenye maji ya chumvichumvi karibu na mikoko, yupo na Anopheles merus.

Ukimkuta mbu ukutani ametulia, mtazame vizuri. Anofelesi huinamisha kichwa na kubinua tumbo, kama mtoto anayetaka kupiga mbizi. Yule anayelala sambamba na ukuta na kukulilia sikioni usiku kucha aghalabu ni mbu wa chooni, kyuleksi. Huyo hana malaria, ila msimdharau: matende na mabusha ya pwani yana mkono wake.

Mnapompasua mbu mnatafuta nini hasa?

Umri wake. Vimelea navyo tunavitafuta, lakini kama ningeruhusiwa kujua jambo moja tu kuhusu mbu wa kijiji fulani, ningeuliza wanaishi siku ngapi.

Mbu hazaliwi na malaria. Anapotoka majini na kukausha mbawa ni safi kabisa. Lazima kwanza amnyonye mtu mwenye vimelea, kisha vimelea vipenye ukuta wa tumbo lake, viote vifuko, vifuko vipasuke, na vilivyotoka humo visafiri hadi kwenye tezi za mate. Kwa joto la tambarare zetu safari hiyo huchukua kama siku 10 hadi 14. Kabla ya hapo anaweza kukuuma kila usiku na usipate chochote isipokuwa muwasho. Kwa hiyo mbu wa kuogopwa ni bibi kizee, na vibibi vizee ni wachache, maana maisha ya mbu ni ya tabu: mijusi, buibui, upepo, kiganja cha mtu.

Tupige hesabu ndogo. Chukua mbu 100 walionyonya vimelea usiku mmoja. Ikiwa kila kukicha tisa kati ya kumi wako hai, baada ya siku 12 watabaki 28. Ikiwa ni saba kati ya kumi, atabaki mmoja. Madimbwi ni yale yale na mbu wanazaliwa kama kawaida, tumewafupishia maisha tu. Aliyeiweka hesabu hii wazi, katika miaka ya 1950, ni Mwingereza George Macdonald, na karibu kila kitu nitakachowaeleza hapa chini kuhusu vyandarua kinatoka kwenye hesabu hiyo.

Na umri wa mbu mnaujuaje? Hana cheti cha kuzaliwa.

Tunausoma kwenye vifuko vya mayai. Vifuko hivyo vina vijirija vyembamba vya hewa. Kwa mbu ambaye hajawahi kutaga, ncha za vijirija zimejikunja kama uzi kwenye kibonge. Akitaga mara ya kwanza zinanyooka, wala hazijikunji tena. Huyo tayari ni mtu mzima. Kuna njia nyingine ngumu zaidi ya kuhesabu vinundu, kila uzao huacha alama yake. Njia hizi zilitoka kwa wataalamu wa Kisovieti, na hapa kaskazini-mashariki mwa Tanzania Mick Gillies na mwenzake Wilkes walizitumia kupasua mbu wengi kwa uvumilivu wa ajabu, wakachapisha matokeo mwaka 1965. Gillies huyo huyo aliwahi kuwatia mbu alama, akawaachia, kisha akawasaka nyumba kwa nyumba ili ajue wanaruka umbali gani. Ikawa wastani wa maili moja hivi. Mbu wako, kwa maneno mengine, ni wa kijiji chako.

Ni kazi ya macho na mkono usiotetemeka. Siku nikinywa kahawa nyingi alfajiri naiacha kwa vijana.

Damu mnayotutoa vidoleni inakwenda wapi? Usinifiche, watu wanasema nyie ni mumiani.

Sikufichi, wala sicheki. Habari za mumiani pwani hii ni za zamani kuliko mimi na wewe. Nilipoanza kazi, katika kijiji kimoja akina mama waliwaficha watoto uvunguni. Nilikasirika. Baadaye nikajiweka mahali pao: watu wageni, gari jeupe, taa kwenye vipaji vya nyuso saa sita usiku, chupa mikononi. Mimi mwenyewe ningekimbia.

Tunachochukua ni matone mawili matatu. Moja linawekwa kwenye kipimo cha haraka na jibu unalipata palepale, pamoja na dawa ya mseto ikiwa una malaria. Lingine linadondoshwa kwenye karatasi ya chujio, linakaushwa, linatiwa kwenye bahasha yenye namba badala ya jina lako. Maabara tunasoma vinasaba vya kimelea tuone kama kimeanza kuwa sugu kwa dawa. Hakuna anayeweza kuuza doa la damu kavu la ukubwa wa punje ya choroko.

Kabla ya kukutoboa lazima tukueleze na ukubali mwenyewe, au mzazi akubali kwa ajili ya mtoto. Ukikataa hunyimwi dawa wala chandarua. Ukikubali leo ukaghairi kesho, unatoka bila kuulizwa. Na utafiti wenyewe hauanzi mpaka kamati ya maadili iupitishe.

Katika kijiji kile, aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyesema, "Basi nionyesheni." Tukabeba hadubini hadi barazani, tukamwekea damu ya mjukuu wake iliyotiwa rangi. Alitazama muda mrefu, kisha akasema anaona pete ndogo zenye kito. Ndivyo vimelea vichanga vya malaria vinavyoonekana, hasa. Watu wakapanga foleni hadi Magharibi.

Vile vijumba vya Zeneti ni vya nini? Mbona vimezungushiwa maji?

Ni vijumba vyetu vya majaribio hapa Muheza. Vimejengwa kama nyumba zetu, na mwanya kati ya ukuta na paa umeachwa makusudi ili mbu aingie kama anavyoingia kwako. Mtu mzima aliyejitolea, aliyepewa kinga, analala ndani ya chandarua kinachojaribiwa. Mbu wanaotaka kutoka wananaswa kwenye vibaraza vilivyozungushiwa wavu. Asubuhi tunawaokota wote, chumbani, barazani, ndani ya chandarua, na kuwahesabu: nani amekufa, nani hai, nani ameshiba, nani ana njaa.

Maji yale ni kwa ajili ya sisimizi. Sisimizi akiingia usiku anakula maiti wa mbu, nasi tunaamka na hesabu ya uongo. Mfereji wa maji unamzuia. Niliwahi kuona jani moja la mwembe likidondoka juu ya mfereji likawa daraja, na kazi ya usiku mzima ikaliwa.

Chandarua changu kimetoboka. Nikitupe?

Kama ni cha dawa na matundu si makubwa, kishone ukitumie mpaka upate kingine. Swali hili lilijibiwa hapa hapa Muheza katika miaka ya 1980, wakati Jo Lines, Myamba na Chris Curtis walipojaribu vyandarua vilivyolowekwa permethrini, dawa ya kuua wadudu, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1987. Chandarua kisicho na dawa kikitoboka mbu anapita na kula. Chenye dawa, hata kikiwa na matundu, mbu anayetafuta tundu anakanyaga sumu kwanza. Wazo la chandarua chenye dawa ambalo leo dunia nzima inalijua lina jasho jingi la Tanga ndani yake.

Kisitumike kuvulia dagaa wala kuzungushia bustani ya mchicha. Nimeviona.

Lakini mbu wa siku hizi anatua kwenye chandarua cha dawa na kuruka zake. Dawa imeisha nguvu?

Mara nyingi dawa ipo, mbu ndiye aliyebadilika. Vyandarua vya kawaida vyote vina dawa ya ukoo mmoja, pairethroidi, na mbu waliokuwa na bahati ya kuihimili ndio waliozaa. Miaka inapita, wajukuu wao ndio wamejaa. Hata hivyo chandarua kizima bado ni ukuta kati yako na mbu, sugu asiwe sugu.

Zimekuja aina mpya. Moja ina PBO, kiungo kisichoua mbu chenyewe ila kinamnyang'anya silaha anayotumia kuivunjavunja sumu. Nyingine ina dawa ya pili iitwayo klorofenapiri, na hii ndiyo inayonisisimua. Klorofenapiri haiui palepale, inaweza kuchukua siku tatu. Zamani mtu wa vijumba vya majaribio angehesabu maiti wa asubuhi moja akaiona dhaifu. Lakini kumbuka hesabu yetu ya umri: mbu anayekufa siku ya tatu hajafika siku ya 12.

Jaribio kubwa lilifanyika Misungwi, Mwanza, matokeo yakatoka mwaka 2022. Baada ya miaka miwili, katika vijiji vya vyandarua vya kawaida karibu watoto 46 kati ya kila 100 walikutwa na vimelea. Kwenye vijiji vya klorofenapiri walikuwa karibu 26. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza vyandarua hivyo mahali ambapo mbu ni sugu.

Chandarua kinanitia joto.

Najua. Hii ni Tanga.

Kama nalala ndani ya chandarua lakini nakaa barazani mpaka saa nne, nimejikinga nini?

Umejikinga sehemu kubwa ya usiku, si yote. Zamani mbu mkuu wa huku alikuwa gambiae, anayependa damu ya mtu, ndani ya nyumba, usiku wa manane. Vyandarua vimempiga huyo zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 kwa mbu wa kaskazini-mashariki mwa Tanzania ulionyesha kwamba nduguye, arabiensis, ndiye aliyechukua nafasi. Arabiensis hana ubaguzi: ng'ombe, mtu, ndani, nje, na haoni tabu kuanza mapema. Chandarua hakimpati vizuri.

Vaa nguo ndefu jioni, jipake dawa ya kufukuza mbu ukiweza, tia wavu madirishani, ziba mwanya wa chini ya paa. Huo mwanya ndio mlango mkuu wa anofelesi, na kuuziba hakuhitaji mfadhili.

Kwa nini msipulize dawa nchi nzima mara moja tukaachana na mbu?

Ilijaribiwa jirani hapa. Katika miaka ya 1950 nyumba za Pare na Taveta zilipuliziwa dieldrini, dawa-ukoko inayobaki ukutani na kumuua mbu anayetua, hadi mwaka 1959. Malaria ilishuka sana, na funestus alitoweka kwa miaka kadhaa. Upulizaji ulipokoma, gambiae akarudi, na malaria ikarudi nyuma yake pole pole. Dawa-ukoko inafanya kazi, ila ni kama kupalilia shamba.

Kumwaga dawa madimbwini kuua viluwiluwi kunasaidia pale mazalia yanapokuwa machache, ya kudumu na yanayojulikana, kama sehemu nyingi za mjini. Kibaha kuna kiwanda cha viuadudu vya kibaiolojia kwa kazi hiyo. Kijijini wakati wa masika kila unyayo wa ng'ombe ni zalio, na gambiae anatoka yai hadi mbu kwa wiki moja au mbili. Utamwaga wapi uache wapi?

Ni kweli malaria inaletwa na machungwa mabichi?

Mzee aliyeniuliza alikuwa na hoja. Machungwa ya Muheza hujaa baada ya masika, na homa nazo hujaa baada ya masika. Mvua ndiyo mama yao wote wawili. Kula machungwa.

Mbona wazee wanasema zamani watoto walikufa zaidi? Malaria imepungua kweli?

Imepungua. Kitaifa, uchunguzi wa kaya ulikuta vimelea kwa asilimia 18 ya watoto wadogo mwaka 2007 na 2008, asilimia 7.3 mwaka 2017, na karibu 8 mwaka 2022. Angalia hiyo ya mwisho: tumesimama.

Kwa mbu wenyewe kuna jambo la ajabu zaidi. Watafiti wa Tanzania na Denmark waliweka mitego ya taa katika vijiji vya Tanga tangu 1998 hadi 2009, na katika muda huo anofelesi walipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Vijiji hivyo havikuwa na mpango wowote rasmi wa kuua mbu. Waandishi waliinyooshea kidole mvua iliyobadilika mtindo. Wenzangu wengine hawapendi kulisikia hili, maana kila mradi unapenda kujisifu kwamba ni wenyewe ulioshusha malaria. Mimi nalisimulia kila ninapofundisha, kwa sababu kilichoshushwa na mvua kinaweza kupandishwa na mvua, na kitawakuta vijana waliokua bila kuumwa mara kwa mara, wasio na kinga waliyokuwa nayo baba zao.

Mtoto akiwa na homa si nimpe tu mseto?

Mpime kwanza. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa mahututi waliotibiwa kama wagonjwa wa malaria, chini ya nusu ndio waliokuwa na vimelea damuni. Waliobaki walikuwa na magonjwa mengine, na wengi hawakupewa dawa ya magonjwa hayo. Tangu malaria ipungue kosa hilo ni rahisi zaidi kulifanya. Kipimo cha haraka ni dakika 15 hadi 20.

Na degedege? Bibi yangu anasema mtoto wa degedege akidungwa sindano anakufa.

Shikamoo yake kwanza. Bibi aliona alichokiona: watoto walifikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, wakadungwa, wakafa, na sindano ikabeba lawama. Kutoka Bagamoyo hadi Tanga degedege lilidhaniwa kuwa kazi ya ndege au shetani, mtoto akafukizwa kinyesi cha tembo kwanza. Saa hizo ndizo zilizokuwa zikiua. Mtoto anayetetemeka na kukakamaa kwa homa anaweza kuwa na malaria kali iliyofika kichwani, na anatakiwa hospitali sasa hivi, usiku usiku, kwa bodaboda.

Na sindano yenyewe imebadilika. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010 uliwashirikisha watoto 5,425 wa malaria kali katika nchi 9 za Afrika, wakiwemo waliolazwa Hospitali Teule ya Muheza na Korogwe. Nusu walipewa kwinini, nusu artesunate. Kwenye kwinini walikufa asilimia 10.9, kwenye artesunate asilimia 8.5. Baada ya hapo artesunate ikawa dawa ya kwanza kwa malaria kali. Mwambie bibi kwamba watoto wa Muheza walichangia kuuthibitisha ukweli huo.

Kwa nini dawa zinabadilishwabadilishwa? Klorokwini ilikuwa inatutosha.

Iliacha kutosha, maana vimelea viliizoea vikawa sugu. Na sisi Muheza tulikuwa na dalili za mapema za tabia hiyo ya vimelea: katika miaka ya 1950 David Clyde aliwapa watu wa kijiji cha Mkuzi dawa ya pirimethamini kila mwezi kama kinga, na kabla ya muda mrefu vimelea sugu vikajitokeza. Klorokwini ilipochoka, mwaka 2001 nchi ikahamia SP (sulfadoksini na pirimethamini), na mwishoni mwa 2006 mseto. Korogwe, jaribio la kuwapa watoto wachanga SP kama kinga lilionyesha, matokeo yake yalipotoka mwaka 2009, kuwa huku kwetu haikuwakinga.

Mseto bado unaponya. Ila Kagera vimeshaonekana vimelea vyenye badiliko la kinasaba linalovipa usugu wa kiasi kwa artemisinini, ukoo wa dawa uliomo ndani ya mseto, na ndiyo maana tunakusanya yale matone makavu. Ukipewa dozi ya siku tatu, maliza siku tatu, hata kama siku ya pili umeamka unaimba.

Mimi ni mjamzito na kliniki wananipa SP. Si umesema imechoka?

Meza. Kuzuia malaria ya mimba na kumtibu mgonjwa ni kazi mbili tofauti, na kwa mama bado inapendekezwa. Vimelea vya mimba vina ujanja wa kujishikiza kwenye kondo la nyuma, hata damu ya kidoleni inaweza kusema huna. Usiache kliniki.

Chanjo ya malaria ikoje?

Zipo mbili, na zote zimepita pwani yetu. RTS,S ilijaribiwa kwa watoto wa nchi 7 za Afrika, na vituo viwili vya Tanzania vilikuwa Korogwe na Bagamoyo. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. R21 ikafuata Oktoba 2023, nayo Bagamoyo ilikuwa miongoni mwa vituo vya jaribio lake kubwa. Hakuna iliyo kama ya surua, ambayo ukishachanjwa umemaliza. Dozi nne za RTS,S zilipunguza malaria kwa takriban theluthi moja katika miaka minne. Mtu akikuambia "theluthi tu", muulize kama amewahi kukaa wodi ya watoto mwezi Juni.

Nimesikia Bagamoyo wanatengeneza mbu wa maabara. Mtatuachia?

Bagamoyo, chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, kuna maabara yenye milango na nyavu za ulinzi maalum ambamo mbu waliobadilishwa vinasaba wanachunguzwa kama wanaweza kushindwa kubeba vimelea. Wako ndani. Kuwaachia nje ni hatua nyingine kabisa, inayotaka sheria, serikali na ridhaa ya jamii. Mimi binafsi nawaunga mkono waendelee kuchunguza, na ningependa maswali ya barazani yafike kwao mapema, kabla wapiga kelele wa mitandaoni hawajafika.

Nikikamata mbu wa ajabu nikuletee?

Niletee. Usimpige kofi, akisagika simsomi. Mfunike na glasi ukutani, mhamishie kwenye kichupa kikavu chenye kipande kidogo cha pamba, na usitie spiriti wala mafuta ya taa. Andika kijiji, tarehe, saa, na kama ulimkuta ndani au nje. Mkabidhi mhudumu wa afya wa kijiji chako, nitampitia Alhamisi.